Barua ya Kuomba Msamaha wa Ritani

Wewe unayesoma hapa, ritani ni nini? Jibu bila kuangalia simu.

Najua umebabaika. Hata mimi ningebabaika, na mimi nina shahada ya uhasibu, imetundikwa nyumbani kwa mama yangu, kijijini Kakese, ndani ya fremu inayong'aa kuliko kazi niliyonayo. Chuoni tulikariri kwamba ritani ni tamko la mapato ya mlipakodi kwa mwaka wa mapato. Tukaandika hivyo, tukapewa alama, tukaenda kula. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba neno hilo lina masikio ya watu mbele yake, na kwamba likimwingia mtu wa Mishamo linaweza kumfanyia kitu ambacho halimfanyii mtu wa Dar es Salaam. Ndiyo maana nataka kukusimulia habari za mzee Ladislas. Kwa neno hilo moja aliacha tanuri lake la tofali wiki tatu bila kuliwasha, katikati ya kiangazi, kuni zikiwa zimeshapangwa mdomoni. Usimcheke bado. Ngoja nikuonyeshe wa kumcheka.

Ladislas ni baba yake Claude, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni Mwanza. Aliingia nchi hii akiwa na miaka minne, mgongoni kwa mama yake, wakitoka Burundi mwaka sabini na mbili. Safari haikumbuki. Anasema anakumbuka jasho la mgongo ule, basi. Makazi ya wakimbizi ya Mishamo yalipofunguliwa baba yake alipewa pori, wakalifyeka, na ndani ya pori hilo Ladislas akakua, akaoa Aline, mama yake Claude, akapata watoto sita. Akalima mahindi, maharage na mihogo. Watu wa mjini walikula ugali wa mahindi hayo miaka yote, wakausifu, na wakishanawa mikono wakaendelea kumwita mkimbizi.

Kuna jambo moja alikataa kulifanya. Alikataa kujenga. Huyu ni fundi wa tofali za kuchoma, kawajengea watu nyumba mpaka Sibwesa, lakini yeye mwenyewe akalala ndani ya kuta za udongo na paa la nyasi. Claude alipokuwa mdogo alimuuliza kwa nini, akajibiwa, "Nyumba ya tofali haibebeki." Ndivyo mtu anavyoishi mahali ambapo siku yoyote anaweza kuambiwa afunge mzigo.

Mwaka elfu mbili na nane siku yenyewe ikafika. Watu wakaulizwa: kubaki au kurudi. Kulikuwa na karatasi ya kuomba uraia na karatasi ya kurudi Burundi. Ile ya kurudi, watu wa mashirika wenye magari meupe waliitaja kwa Kiingereza, return, na makazini kila mtu akaitamka kwa mdomo aliopewa na Mungu. Ikawa ritani. Ukisikia "fulani kajaza ritani," ulijua mlango wake umepigwa misumari, mbuzi wake wameuzwa kwa bei ya kuku, na lori linamsubiri barabarani. Ladislas, kaka yake mkubwa alijaza ritani. Waliagana kwenye lori na mpaka leo hawajaonana tena.

Yeye akajaza ya uraia. Akasubiri miaka, cheti kikatoka, akakipeleka kikalaminetiwa, akakitundika juu ya kitanda. Akafungua na mashine ya kusaga, akaandikishwa kuwa mlipakodi, akapewa TIN. Namba ile aliikariri kama jina la mtoto. Halafu injini ikapasuka, fundi akaizika, mzee akafunga kibanda na kurudi shambani. Hakuna aliyemwambia kwamba na TIN nayo inapaswa kufungwa. Nani angemwambia? Sisi wenye shahada tulikuwa mjini tukitafuta kazi.

Basi mwaka huu, kwa mara ya kwanza maishani, Ladislas akafyatua tofali zake mwenyewe. Akazipanga tanuri, akalipaka udongo, akachimba hata msingi wa nyumba, vyumba vitatu na sebule. Akiwa anapanga kuni, simu ikalia. Ujumbe ulisema hivi: "Ndugu mlipakodi, unakumbushwa kuwasilisha ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Kutofanya hivyo ni kosa kisheria."

Alikaa chini palepale. Mama Claude ananiambia aliusoma mara nne, na kila akifika kwenye "ritani yako" anasimama. Yako. Wanamjua kwa namba.

Callixte, jirani yake, ambaye redio ya kijiji angekuwa yeye kama angelipwa, alikuja na baiskeli yake akausoma naye.

"Wameanza na wewe," akasema.

"Mimi nina cheti, Callixte."

"Wote tuna vyeti. Hao wanaanza na wenye TIN, wakimaliza wanakuja kwa wenye simu. Mimi nina vyote viwili, baba, nimekwisha."

"Kimeandikwa wapi kwamba tunaondoka?"

"Kimeandikwa ritani. Unataka waandike kwa damu?"

Ladislas akazichomoa kuni mdomoni mwa tanuri, akazipanga ukutani. Mama Claude akamuuliza kama amechoka. Akaendelea kupanga.

Sasa naomba uje nami Mpanda mjini umwone Sylvanus. Huyu ndiye niliyekuahidi. Ana chumba cha stesheneri chenye kibao kikubwa kuliko chumba: PICHA ZA PASIPOTI, KULAMINETI, KUTOA KOPI, RITANI, USHAURI WA KODI, MAOMBI YA AJIRA. Anajiita konsaltanti. Tai anaivaa hata jua likiwa la kupasua mawe. Mimi simchukii kwa kutokusoma, maana kusoma kwangu nako utakuona kulivyosaidia. Namchukia kwa sababu amegundua kwamba hofu ya mtu ina bei, na kuiondoa kunaharibu biashara.

Ladislas alimwendea na kumwonyesha ujumbe. Sylvanus akaukunjia uso kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

"Hili zito, mzee."

"Wanaweza kunilazimisha?"

"Ritani ni lazima. Sheria haina huruma."

"Na nisipofanya?"

"Watakufuata mpaka huko huko."

Haya maneno mimi sikuyasikia, mzee ndiye aliyenisimulia, tena bila kinyongo. Fikiria alivyoyasikia yeye. Sylvanus hakumuuliza swali lolote: una biashara gani, inafanya kazi, ulipata nini mwaka jana. Maswali matatu tu yangetosha. Alimuuliza kama ana hela ya kutosha au alete na maharage.

"Naweza kuomba msamaha?" mzee akauliza.

"Wa nini?"

"Wa ritani. Nisamehewe, nisifanye kabisa."

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Sylvanus alivuta kibodi. "Kuomba hakukatazwi. Nieleze sababu zako, mimi nitaziweka kitaalamu." Akachapa kurasa tatu, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi, akaandika juu yake DHARURA kwa kalamu nyekundu. Maharage debe moja yalikuja na basi la wiki iliyofuata.

Wiki hiyo ndipo Claude aliponipigia kutoka Mwanza. "Kaka, mzee hajachoma tanuri. Mama anasema ni mambo ya kodi. Anakuja huko kupeleka barua. Wewe si ndiyo mambo yako? Mpeleke ofisini."

Akafika kwetu Kakese jioni, amevaa koti la harusi ya Claude, bahasha kaibana kwapani. Mama yangu alimpa maji ya kuoga na ugali wa kushiba. Nami nikaona huu ndio wakati wa elimu kuwatumikia wananchi.

"Mzee, usiogope," nikamwambia. "Ritani ni tamko la mapato ghafi na matumizi yanayoruhusiwa, kwa mwaka wa mapato husika."

Akanitazama kwa adabu. "Kwa hiyo wanaangalia kwanza mtu ana mali gani?"

"Ndiyo, wanatathmini."

"Na wasio na mali?"

"Nao wanafanya. Ila yao inakuwa nyepesi."

Akaangalia sakafu. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nimemwambia kwamba maskini wanaondoka na mzigo mdogo. Miaka mitatu ya chuo, na sikumshinda hata Sylvanus.

"Ninyi Wasukuma mna bahati, Ngusa," akasema. "Mkihama mnahama na ng'ombe, mbele yenu kuna majani. Sisi tunahamishwa na karatasi."

Nilidhani ni stori za wazee. Nikamtakia usiku mwema.

Asubuhi tukafika ofisi ya kodi Mpanda mapema, na foleni ilikuwa imeshatutangulia. Dirishani alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anaitwa Specioza. Aliuliza watu kwa sauti ya kawaida na akasubiri jibu mpaka mtu amalize. Nakiri nilikuwa nimekwenda na hotuba kichwani ya kumgombeza afisa. Sikupata nafasi ya kuitoa.

Mbele yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Restituta, amekuja na hasira yake imepigwa pasi kama gauni lake.

"Mimi nakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Sasa ritani ya nini tena? Mnataka mara mbili?"

"Mwalimu, kama una mwajiri mmoja na mshahara huo ndio kipato chako chote, mwajiri wako ameshamaliza kazi. Hudaiwi ritani," Specioza akamwambia.

"Ndiyo hivyo. Mshahara tu."

"Na duka la vipodozi pale karibu na stendi?"

Foleni yote ikaegemea mbele. Mwalimu akarekebisha mkoba. "Lile ni la kusukuma siku tu."

"Hata la kusukuma siku linajazwa. Mshahara unauweka humo, na ulichokatwa unakiweka humo humo. Hakuna mara mbili. Kaa hapo nikuelekeze."

Kijana wa bodaboda nyuma yetu akanong'ona kwamba lipstiki leo imekutana na sheria, watu wakacheka, mwalimu naye akacheka kidogo. Ikafika zamu yetu. Nikafungua mdomo, mzee akanigusa mkono nikae kimya. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

Specioza alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Akashtuka. "Hapana mzee, shikamoo mimi. Umekuja kufanya ritani?"

"Sifanyi, mama. Nimekuja kuomba."

"Kila mwenye TIN anatakiwa afanye, mzee. Hata wewe."

"Nina cheti."

"Cha mlipakodi?"

"Cha uraia." Akakitoa ndani ya koti. Alikuwa amekitoa ukutani akasafiri nacho, plastiki imefuata mkunjo wa kifua chake.

Specioza akakishika kwa mikono miwili, akakirudisha. "Ni kizuri, lakini hapa hakihitajiki. Umewahi kufanya ritani huko nyuma?"

"Mimi sijawahi. Kaka yangu alifanya."

"Alifanyia ofisi gani?"

"Alifanyia kwenye lori."

Mimi mwenyewe ndipo kitu kilipoanza kunikuna kichwani, lakini polepole, maana kichwa kilichojaa maelezo kinachelewa. Mzee akapitisha bahasha dirishani. Specioza akachana gundi, akaanza kusoma, kwanza kimya, halafu, labda kwa sababu hakuamini macho yake, kwa sauti.

"Yah: Maombi ya kusamehewa ritani. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi Ladislas, kwa heshima na taadhima, naomba ofisi yako tukufu isinifanyie ritani, kwa sababu nina mke, watoto sita na shamba la mihogo ambayo bado haijakomaa. Sijawahi kugombana na jirani. Natii mwenyekiti wa kijiji. Huko ninakopelekwa simjui mtu, aliyekuwepo ni kaka yangu na simu yake haipatikani. Endapo ofisi yako itaona vema…"

Akaishia hapo. Akavua miwani.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Fikiria Sylvanus akichapa maneno yale. Mtu anakutajia mihogo, kaka, na kupelekwa, nawe unauliza kama kichwa cha habari kipigiwe mstari.

"Mzee," Specioza akasema, "unadhani tunakupeleka wapi?"

"Burundi."

"Nani kakuambia?"

"Ninyi. Kwenye simu. Ritani."

Specioza akatoka kwenye chumba chake. Alizunguka meza, akaja upande wetu, akakaa kwenye benchi karibu na Ladislas, na foleni ikangoja bila kulalamika. "Hii ritani ya kwetu haisafirishi mtu. Ni karatasi ya kusema mwaka jana nilipata kiasi gani, basi. Mtu anabaki kwake, karatasi ndiyo inayokuja."

"Karatasi ndiyo inarudi."

"Karatasi peke yake. Wewe mwaka jana mashine yako ilisaga?"

"Ilikufa miaka miwili iliyopita."

"Hukuja kutuambia. Kwenye kompyuta yetu bado inasaga."

Hapo mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi ninyi mna injini nzuri kuliko yangu."

"Una kipato kingine?"

"Mihogo na maharage. Tunakula, kidogo kinauzwa gulioni."

Akamuuliza maswali yake mawili matatu kuhusu shamba, akaandika majibu, akasema kwa hali hiyo tutajaza ritani ya sifuri, halafu tutaomba mashine ile izikwe na kwenye kompyuta pia, yaani TIN ifungwe upande wa biashara ili mwakani asisumbuliwe.

"Sifuri maana yake nini?" mzee akauliza.

"Maana yake hakuna kilichopatikana, hakuna cha kulipa."

"Na harudi mtu?"

"Harudi mtu."

Akatuingiza chumbani kwake, tukafungua kompyuta. Mtambo ukatuma namba ya siri kwenye simu ya mzee ili athibitishe, Specioza akamwomba aisome. Mzee akaifunika simu kwa kiganja.

"Redioni wametuambia tusimtajie mtu yeyote namba zinazoingia kwenye simu. Hata akisema ni afisa."

"Mzee, mimi ndiye afisa."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Watu wakacheka mpaka mwalimu Restituta akafuta machozi. Specioza akampa kibodi mwenyewe, naye akaandika namba moja moja kwa kidole kimoja, amenipa mgongo ili nisione. Wiki tatu alikuwa ameamini kwamba serikali inamrudisha mahali asipopajua, lakini tapeli wa simu hakumpata. Ukitaka kujua kipi kinafundishwa vizuri nchi hii, ndicho hicho.

Faini ya kuchelewa kwa miaka ya nyuma ilikuwapo. Sitaificha. Specioza alimwonyesha, akamwelekeza jinsi ya kuandika barua ya kuomba ipunguzwe, safari hii barua ya mistari mitano yenye ukweli ndani yake. Niliiandika mimi. Ndiyo kazi pekee shahada yangu iliyoifanya siku hiyo.

Tulipotoka nje mzee aliomba tupite kwa Sylvanus. Nikajua sasa moto utawaka, nikakunja mikono ya shati. Sylvanus alikuwa mlangoni, tai shingoni.

"Mzee wangu, vipi, wamekusamehe?"

"Hawakunisamehe. Nimefanya."

"Umeona sasa? Barua ile imesaidia."

"Imesaidia," Ladislas akasema. "Mama aliisoma kwa sauti, foleni nzima ikaisikia. Wakauliza fundi wake ni nani. Nikawaelekeza hapa."

Hakuna aliyeuliza, mimi nilikuwapo. Sylvanus akaangalia barabara kushoto na kulia. Akasema alikuwa anafunga mapema leo. Kibao aliingia nacho ndani.

Mzee akaniomba nimsindikize mpaka Mishamo, kwa sababu, alisema, Callixte hatamwamini yeye ila msomi anaweza kuaminika kwa makosa. Tukapanda basi, tukafika giza limeingia. Mama Claude alipopewa karatasi ya kuthibitisha ritani tuliyochapiwa ofisini, aliigeuza mbele na nyuma akitafuta mahali palipoandikwa lori. Hakupaona. Akaiweka chini ya mto. Cheti kikarudi ukutani.

Asubuhi nilipoamka, kitanda cha mzee kilikuwa kitupu. Nikatoka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri, kuni zimerudi mdomoni zilikokuwa wiki tatu zilizopita. Alikuwa na zile kurasa tatu za Sylvanus, alizorudishiwa na Specioza, pamoja na bahasha yenye DHARURA, anazikunjakunja moja moja na kuzisukuma chini ya kuni. Akawasha kiberiti. Neno taadhima niliona likijikunja, likaungua. Kuni zikashika, moshi ukapenya kwenye nyufa za udongo juu, ukapanda mweupe na mnene, unaonekana mpaka barabarani.

Barabarani alikuwa anapita Callixte. Baiskeli yake ilikuwa imefungiwa mabati ya nyumba yake, yale ya jikoni, kayaezua alfajiri ayapeleke gulioni kabla bei haijaanguka watu wote wakianza kuuza. Aliuona moshi. Akashuka. Alisimama ameshika usukani, akiliangalia tanuri la Ladislas, na Ladislas hakumwita wala hakumpungia mkono, aliendelea kusukuma kuni.

Callixte akaigeuza baiskeli. Mabati yakampiga kwenye goti, akayafunga upya kwa mpira, akaanza kuisukuma kurudi kwake.